Bomeni yajaa na kuzeeka kwa pamoja: chemchemi ndiyo pensheni yetu

Katika msikiti ninaoswali hapa Bomeni, viti vya plastiki vimeongezeka. Zamani kilikuwa kimoja au viwili, vikiwekwa mwisho wa safu kwa wazee ambao magoti yao hayawaruhusu kusujudu. Siku hizi, hasa Ijumaa, huja wazee wakakosa viti, na vijana wakakimbia kuazima dukani.

Ukitoka nje ya msikiti unakutana na hali nyingine. Siku za Jumatano na Jumamosi, ambazo ni siku za soko la Taveta, barabara haipitiki. Kuna akina mama wenye watoto mgongoni, bodaboda zimebeba mikungu ya ndizi, na wachuuzi wamevuka mpaka kutoka Holili. Jioni shule zikifungwa, sare zinajaa njia nzima.

Basi mji huu unazeeka au unajaa watoto? Jibu ni kwamba yote mawili yanatokea kwa wakati mmoja, tena juu ya ardhi ileile na maji yaleyale. Makala haya yanaeleza jinsi mambo hayo yanavyohusiana, na kwa nini yanamgusa kila mwenye shamba, kila mpangaji na kila kijana wa Taveta.

Hesabu zinasema nini

Bomeni ni mojawapo ya wadi tano za eneo bunge la Taveta. Nyingine ni Chala, Mahoo, Mboghoni na Mata. Kaunti nzima ya Taita Taveta ilikuwa na watu 246,671 katika sensa ya 1999. Mwaka 2009 walikuwa 284,657, na mwaka 2019 wakafika 340,671. Yaani katika miaka kumi ya mwisho kaunti iliongeza watu 56,014, karibu mtu mmoja mpya kwa kila watano waliokuwepo.

Lakini ongezeko hilo halikugawanyika sawasawa. Taveta ilitoka kwenye watu zaidi ya 67,000 mwaka 2009 hadi 91,222 mwaka 2019. Hilo ni ongezeko la zaidi ya theluthi moja. Upande wa milimani, Wundanyi, ambayo kitabu cha sensa kinaiita kaunti ndogo ya Taita, ilibaki palepale kwenye watu kama 56,000. Watoto wanazaliwa milimani kama kwingine, ila wakishakua huteremka kutafuta riziki Voi, Taveta, Mombasa na Nairobi. Anayepanda Wundanyi siku ya kazi ataona ni nani wanaolima yale matuta ya mlimani. Wengi ni akina nyanya na akina babu.

Kwa nchi nzima, sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 47.6. Robo tatu yao walikuwa chini ya umri wa miaka 35. Waliotimiza miaka 60 na zaidi walikuwa kama milioni 2.7, karibu 6% ya Wakenya wote. Mtu akisoma hapo atasema Kenya ni nchi ya vijana, na uzee ni shida ya Wajapani na Waitaliano. Ni kweli kwamba ni nchi ya vijana. Kosa ni kudhani kwamba itabaki hivyo.

Kwa nini uzazi unapungua na watu bado wanaongezeka

Mwishoni mwa miaka ya 1970, mwanamke wa Kenya alizaa kwa wastani watoto 8 katika maisha yake. Utafiti wa kitaifa wa afya na uzazi wa 2022 ulipata wastani wa watoto 3.4. Ni badiliko kubwa ndani ya maisha ya mtu mmoja. Bibi aliyezaa wanane ana binti aliyezaa watano, na mjukuu anayesema wawili au watatu wanamtosha.

Ikiwa uzazi umepungua zaidi ya nusu, mbona watu hawaachi kuongezeka? Sababu ni kwamba wale watoto wengi waliozaliwa zamani sasa ndio wazazi. Hata kila mmoja akizaa wachache, wenyewe ni wengi. Ni kama lori lililoshuka mlima wa Mwatate. Dereva akikanyaga breki halisimami hapo hapo, husonga kwanza. Kwa hiyo shule, nyumba na mashamba yataendelea kuhitajika kwa miaka mingi hata familia zikiendelea kuwa ndogo.

Na hapo ndipo uzee unapoingia. Kundi hilo kubwa la vijana wa leo halitabaki na umri huo. Aliyekuwa na miaka 25 wakati wa sensa ya 2019 atatimiza 60 mwaka 2054. Wakati huo watoto wake watakuwa wawili au watatu, si wanane wa kugawana mzigo wa kumtunza. Wataalamu huita jambo hili uwiano wa utegemezi, yaani kila mtu anayefanya kazi anabeba watoto wangapi na wazee wangapi. Kwetu leo mzigo mkubwa ni watoto. Polepole utahamia kwa wazee.

Nchi tajiri zilipata muda wa kujiandaa. Ufaransa ilichukua zaidi ya miaka 100 kutoka 7% ya watu wenye umri wa miaka 65 na zaidi hadi 14%. Japani ilichukua takriban miaka 25 tu, lakini ilikuwa imeshatajirika. Sisi tutafika huko tukiwa bado tunachimba mifereji kwa jembe.

Ardhi ni kubwa kwa macho tu

Mgeni akipita kwa gari kutoka Voi hadi Taveta huona nyika isiyo na mwisho, akashangaa watu wanalalamikia ardhi kwa nini. Kaunti ina ukubwa wa kilomita za mraba kama 17,000. Gawanya watu wote hapo, utapata kama 20 kwa kila kilomita ya mraba. Ni nafasi ya kutosha.

Lakini asilimia 62 ya eneo hilo ni mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Ukiziondoa, watu wanakuwa zaidi ya 50 kwa kila kilomita ya mraba. Sehemu kubwa ya kinachobaki ni nyika kavu yenye ranchi, na kuna mashamba makubwa ya mkonge. Ardhi inayofaa kilimo hasa ni kama asilimia 12 ya kaunti. Kama sote tungelazimika kuishi kwa kulima hapo, tungekuwa zaidi ya 160 kwa kila kilomita ya mraba. Hiyo ndiyo sababu familia za Bomeni, Mahoo na Mboghoni zinapigania robo ekari.

Tena nyika hiyo ina wenyewe. Sensa ya wanyamapori ya 2021 ilihesabu karibu ndovu 15,000 katika eneo la Tsavo. Kila tunaposogeza mashamba kuelekea njia zao, wao nao husogea kwetu usiku. Na anayelala shambani kulinda mahindi mara nyingi ni mzee, kwa kuwa kijana yuko mjini.

Maji ya Taveta yanatoka wapi

Taveta isingekuwepo bila Kilimanjaro. Mvua za hapa chini ni chache na za kubahatisha. Kinachotulisha ni maji yanayoingia ardhini juu ya mlima, upande wa Tanzania, kisha yakatokea kwetu katika chemchemi za Njoro Kubwa na nyinginezo, katika Ziwa Chala, na katika Mto Lumi unaokwenda kumwaga Ziwa Jipe. Ndizi za Taveta zinazouzwa Mombasa ni maji ya Kilimanjaro yaliyogeuka kuwa chakula.

Watu wengi hudhani maji hayo ni theluji inayoyeyuka. Ni kweli kwamba barafu ya Kilimanjaro imepungua sana. Tangu 1912 zaidi ya asilimia 80 ya eneo lake imekwisha. Lakini sehemu kubwa ya maji ya chemchemi hutokana na mvua na ukungu unaonaswa na msitu wa mlima, kisha ukapenya ardhini. Maana yake ni kwamba anayekata msitu anakausha chemchemi haraka kuliko jua linaloyeyusha barafu. Tanzania iliuingiza msitu huo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro mwaka 2005, na mwaka 2013 nchi hizi mbili zilitia saini makubaliano ya kutunza kwa pamoja mazingira ya maziwa Chala na Jipe na Mto Umba.

Kumbukumbu ya msitu si ngeni kwa Taveta. Karne ya 19, misafara iliyotoka pwani kwenda bara ilipumzika hapa. Taveta waliyoifahamu wasafiri wale ilikuwa ni msitu mnene kando ya Lumi, nao Wataveta waliishi ndani yake na kulinda njia za kuingilia. Msitu huo ulikuwa ngome, kivuli na ghala la chakula. Kule milimani, Wadawida walikuwa na misitu mitakatifu iitwayo fighi, ambayo haikuguswa na shoka kwa amri ya wazee. Hata hivyo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki, walipolinganisha picha za angani za 1955 na za 2004, waliona kwamba nusu ya msitu wa asili wa Milima ya Taita ilikuwa imetoweka.

Ziwa Jipe ndilo kioo chetu. Ni ziwa la kina kifupi, halifiki mita tatu. Lumi inapopita katika mashamba yaliyolimwa hadi ukingoni, hubeba udongo na mbolea hadi ziwani. Udongo unajaza ziwa, mbolea inarutubisha matete, na matete yanafunga njia za mitumbwi. Humo kuna samaki wa jamii ya perege aliyepewa jina la ziwa lenyewe kitaalamu, Oreochromis jipe, ambaye makao yake ya asili ni ziwa hili na bonde la Mto Pangani peke yake.

Mfano mmoja wa mfereji

Nitatoa mfano wa jirani, bila jina. Mzee huyu ana shamba lililopakana na mfereji. Wanawe wako Mombasa, wanatuma wanachoweza, nao wana watoto na kodi za nyumba. Mkewe alipougua, fedha za matibabu zikakosekana. Mzee akauza kipande cha juu, kile kilichokuwa na miembe na mikuyu kando ya maji.

Mnunuzi hana kosa la kisheria, ni kijana anayetafuta maisha kama wengine. Alikata miti apate nafasi, akapanda nyanya na vitunguu, akaleta pampu ya petroli. Msimu wa kiangazi ulipofika, maji yakawa hayafiki chini kama zamani. Zamu za maji zikageuka ugomvi. Na miongoni mwa waliokosa maji ni yule mzee mwenyewe, ambaye shamba lililombakia liko chini ya pampu.

Katika kisa hiki hakuna mwizi wala fisadi. Kuna uzee usio na bima ya kutosha, kijana asiye na ardhi, na mfereji usiokua. Ukizidisha kisa hiki mara mia, umeipata Taveta ya kesho. Ndiyo maana nasema kujadili wazee peke yake, au uzazi peke yake, au miti peke yake, ni kushika sikio la ndovu ukadhani umemjua.

Pensheni ya wasio na pensheni

Wengi wetu hapa hatujaajiriwa. Mkulima, mchuuzi, fundi na mwendesha bodaboda hawana barua ya kustaafu. Katiba ya Kenya inamtambua mtu kuwa mzee akifikisha miaka 60, na kifungu cha 57 kinataka aishi kwa heshima, apate matunzo ya jamaa zake na msaada wa Serikali. Lakini mpango wa Inua Jamii kwa wazee huanzia miaka 70, nao hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi. Kati ya 60 na 70 kuna miaka kumi ambayo mwili umechoka na msaada haujafika. Na hata ukifika, shilingi 2,000 haziwezi kumlisha mtu mwezi mzima kwa bei za leo za unga na mafuta.

Kwa hiyo pensheni ya kweli ya mzee wa Taveta ni shamba lenye maji. Migomba ni zao la uzeeni, kwa kuwa haihitaji kulimwa upya kila msimu na hutoa mkungu wa kuuza sokoni. Mwembe hauulizi umri wa mwenyewe. Chemchemi ikikauka, si mazingira peke yake yaliyoharibika. Maelfu ya watu wamefutiwa pensheni kwa siku moja, bila barua.

Yanayowezekana

Kwanza, mirathi. Sisi Waislamu tumewekewa mafungu ya mirathi, na haki ya kila mrithi haina mjadala, mwanamke akiwemo. Lakini fungu ni hisa, si lazima liwe kigingi ardhini. Ekari mbili zikikatwa vipande sita havitamlisha yeyote. Warithi wanaweza kuridhiana shamba libaki zima, alimwe na mmoja au wawili, na mavuno au kodi igawanywe kwa hisa. Wasiotaka wanunuliwe fungu lao kwa bei ya haki. Familia za dini zote zinaweza kufanya hivyo, mradi yaandikwe na kushuhudiwa kabla mzee hajafariki.

Pili, wakfu. Mababu zetu wa pwani waliweka wakfu visima, minazi na nyumba. Hakuna kinachotuzuia kuweka wakfu ukanda wa miti kando ya mfereji, matunda yake yaende kwa wazee wasio na watoto. Ni sadaka inayoendelea, na kwa wakati huohuo ni ulinzi wa maji.

Tatu, kingo za mto. Kanuni za maji za Kenya zinataka ukanda wa mita 6 hadi 30 kutoka ukingoni usilimwe, kulingana na upana wa mto. Sheria ya Maji ya 2016 inatambua jumuiya za watumiaji maji. Jumuiya hizo ziwe na wazee wanaokumbuka mto ulipita wapi, na vijana wenye pampu. Wakikaa wa upande mmoja tu, zamu za maji hazitaheshimiwa.

Nne, kupanga uzazi. Najua mada hii huwasha moto. Lakini Qur'ani imetaja kunyonyesha miaka miwili kamili, na wanazuoni wengi wameruhusu mume na mke kuridhiana kuacha nafasi kati ya mtoto na mtoto. Mama aliyepumzika na mtoto aliyeshiba si mambo ya kizungu. Na tusimtupie lawama mama wa Mata mwenye watoto watano huku tukimnyamazia anayemiliki maelfu ya ekari na kuziacha kichaka. Idadi ya watu ni jambo moja, na mgawanyo wa ardhi ni jambo la pili. Hesabu ya haki huyaweka yote mawili mezani.

Tano, akiba ya kijana. Hazina ya NSSF ina mpango wa Haba na Haba kwa wasioajiriwa, ambapo mtu huweka akiba kuanzia shilingi 25 kwa siku kwa simu. Mwendesha bodaboda anayemaliza zaidi ya hizo kwa muguka anaweza kuanza leo. Akiba haiozi.

Viti vitakapoongezeka tena

Nikitazama vile viti vya plastiki sioni mzigo. Naona watu waliopanda miembe tunayoila sisi. Naona pia nafasi yangu, maana niliyevuka arubaini sina safari ndefu kufika kwenye safu hiyo. Vijana wanaowakimbilia wazee kutafuta viti leo ndio watakaovihitaji miaka ya 2050, wakiwa wengi zaidi ya hawa.

Siku hiyo, mzee wa Bomeni atatia udhu kwa maji ya Njoro kama tunavyotia sisi, au atasubiri gari la maji na kulipia mtungi. Uamuzi huo haufanywi mwaka 2050. Unafanywa msimu huu, na yule anayeshika panga kando ya mfereji, na familia inayoketi kugawa shamba la marehemu, na kiongozi anayeomba kura yetu bila kutaja chemchemi hata mara moja. Akija kwako, ndugu msomaji, muulize.